Kabla ya kutuma pesa ya nyumba Japani

Gari la Japani tumezoea kulichagua kwa picha. Unaangalia rangi na kilomita, unatuma pesa, kisha unalisubiri bandarini Mombasa au Dar es Salaam. Siku hizi picha zinazozunguka kwenye simu ni za nyumba: ya mbao, paa la vigae, kibustani mbele, kwa bei ya gari lililotumika. Si utapeli. Hesabu ya serikali ya mwaka 2023 ilikuta nyumba tupu zipatazo milioni 9 nchini humo. Wenyewe huziita akiya. Sheria nayo haimfungii mgeni mlango: anamiliki jengo na ardhi bila ukomo wa miaka, wakati Kenya asiye raia hapewi zaidi ya miaka 99. Hati ya umiliki haimpi viza wala ukaazi, jambo ambalo madalali wa mtandaoni hulipitia haraka sana.

Kabla ya yote, zoea kwamba kule nyumba huzeeka kama gari. Kwa hesabu za kodi, nyumba ya mbao ya kuishi hupewa umri wa miaka 22, na soko nalo halilipi kitu kikubwa kwa jengo lililovuka hapo. Unachonunua hasa ni kiwanja. Basi anza na njia. Kwa kawaida kiwanja kinatakiwa kigusane na barabara yenye upana wa meta 4, kwa urefu usiopungua meta 2. Kisipogusana, nyumba ikiungua au ukiibomoa unaweza kukataliwa kujenga nyingine, na nyingi zinazouzwa bei ya kutupa zina kasoro hiyo hiyo. Kukiwa na shamba ndani ya mauzo, itabidi kamati ya kilimo ya eneo hilo iridhie.

Kisha uliza tarehe. Kanuni za kuhimili tetemeko zilikazwa tarehe 1 Juni 1981, na kinachoangaliwa ni siku kibali cha ujenzi kilipotolewa. Nyumba iliyokamilika mwishoni mwa 1981 inaweza kuwa ya kanuni za zamani. Halmashauri huwa na ramani za mafuriko na maporomoko, zitazame. Mchwa wapo pia, na upande wa mikoa ya Niigata au Hokkaido theluji isiyoondolewa hulemea paa la nyumba isiyo na mtu.

Mji wa Yuzawa, huko huko Niigata, unastahili kutazamwa kwa makini. Wakati uchumi ulipofura mwishoni mwa miaka ya 1980, yalijengwa maghorofa ya fleti kwa ajili ya watu wa Tokyo wanaokuja kuteleza kwenye theluji. Leo baadhi ya fleti hizo hutangazwa kwa yeni 100,000. Kwa nini? Kila mwezi mwenye fleti hulipa ada ya usimamizi na mchango wa matengenezo ya jengo, alale humo au asilale. Na kama aliyekuuzia alikuwa na malimbikizo, sheria inaruhusu wasimamizi wa jengo wakudai wewe. Omba taarifa ya madeni hayo kwa maandishi, na uulize mfuko wa matengenezo una kiasi gani.

Gharama nyingine zinahesabika. Dalali hupata hadi asilimia 3 ya bei na yeni 60,000 juu yake, pamoja na kodi ya mauzo. Kwa nyumba za bei ndogo, tangu Julai 2024, anaruhusiwa kudai hadi yeni 330,000. Kodi ya kupata mali huja baadaye, miezi kadhaa ukiwa umeshasahau. Kodi ya kila mwaka ni asilimia 1.4 ya thamani iliyokadiriwa, na ukiishi nje unahitaji mtu aliyeko Japani wa kukupokelea bili. Ukipangisha kampuni, inakata asilimia 20.42 ya pango kabla ya kukulipa. Ukitaka kulaza watalii chini ya sheria iliyoanza kutumika mwaka 2018, ukomo ni usiku 180 kwa mwaka. Mkopo wa benki ya kule kwa asiye mkaazi usiutegemee.

Kabla ya kusaini, dalali mwenye leseni analazimika kukusomea waraka wa mambo muhimu: barabara, mipaka, maji, vikwazo vyote. Ni wa Kijapani. Uombe siku kadhaa mapema na umpe mtafsiri wako mwenyewe, maana ukishatoa arbuni ukajitoa, imekwenda. Akijitoa muuzaji, anakurudishia mara mbili.

Mhuri uliosajiliwa, ambao Wajapani huutumia badala ya sahihi, huna, kwa hiyo utaapa sahihi yako mbele ya mthibitishaji wa nchini kwako. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi: tangu Aprili 2024 daftari la ardhi la Japani huweka jina la mgeni kwa herufi za Kirumi pia.