Somo: Namna ya kuandaa jioni ya bao na dhumna pamoja na wageni wasiojua bao

Kila mwezi huulizwa hapa namna ya kumfundisha bao mgeni bila kuiharibu jioni, na kila mara hujibiwa vipande vipande. Kwa hiyo naliandika somo zima mahali pamoja, ili atakayeuliza tena aelekezwe huku.

Hatua ya kwanza: alika watu sita, kwa sababu bao huchezwa na wawili na dhumna na wanne, na kwa hesabu hiyo hakuna atakayekaa bure.

Hatua ya pili: tandika mkeka penye mwanga wa kutosha, kisha hesabu kete kabla wageni hawajafika. Bao lina kete 64 na dhumna 28.

Hatua ya tatu: mgeni aanze na bao la kujifunza. Kila shimo kati ya mashimo 32 hutiwa kete mbili, wala hakuna kete inayobaki mkononi. Mchezaji huchota shimo lake lolote lenye kete mbili au zaidi na kuzisambaza moja moja. Kete ya mwisho ikiangukia shimo la mstari wake wa mbele (ule unaomkabili mpinzani) lililokuwa na kete, na shimo la mpinzani linalotazamana nalo likawa na kete pia, anazila za mpinzani na kuzisambaza upande wake kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la mstari wa mbele. Anayebaki bila kete katika mstari wa mbele amefungwa. Michezo miwili ya namna hii yatosha.

Hatua ya nne: mkubaliane juu ya nyumba kabla ya kete ya kwanza. Nimeona jioni nyingi zikivunjikia hapa, nanyi mnaoandaa nawaomba msipite haraka. Katika bao la Kiswahili lenyewe kila mchezaji hutia kete sita nyumbani, ambalo ni shimo la tano la mstari wa mbele ukihesabu kutoka kushoto kwako, kisha mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kuliani, na 22 hubaki mkononi ili ziingizwe moja moja wakati wa namua, yaani sehemu ya kwanza ya mchezo. Mgeni akiambiwa kwamba “ukifika nyumbani unaweza kusimama”, hudhani kwamba ana hiari hiyo wakati wote, naye hana. Akiwa anatakata, yaani hakula katika zamu hiyo, kete ya mwisho ikiingia nyumbani zamu yake inaishia hapo, apende asipende. Akiwa amekula, na shimo linalotazamana na nyumba lina kete, ni lazima ale. Hiari inakuwapo pale tu alipokuwa amekula na mbele ya nyumba hamna kitu: hapo anaweza kulala, yaani kuishia hapo, au akaipeleka nyumba safari, yaani kuzichota kete zake na kuzisambaza. Nyumba iliyokwisha kusafiri ni shimo kama mashimo mengine, hata likijaa tena. Onyo la pili ni kwa mafundi. Mkono wako unajua kuzimwaga kete kwa mkupuo mmoja, lakini macho ya mgeni hayajajua kuufuata. Angusha moja, isikike, ndipo uangushe nyingine.

Hatua ya tano: watazamaji wanyamaze mpaka zamu iishe. Mwenye ushauri autoe baada ya mchezo.

Hatua ya sita: kila mchezo wa bao ukiisha, aliyefungwa aende kwenye dhumna na mmoja wa huko aje.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kete za bao ni ngapi jumla?
Jibu: Hatua ya pili, ndugu.

Swali: Sisi babu alituanzisha na namua moja kwa moja. Hilo la kujifunza si la watoto?
Jibu: Babu yenu alikuwa nanyi barazani mwaka mzima, naye alifanya vyema. Somo hili ni la mwenye jioni moja na mgeni mmoja. Ukiwa na mwaka, fuata njia ya babu.

Swali: Shikamoo mwalimu. Jana nilicheza na dada yangu, tukiwa bado kwenye namua. Mstari wangu wa mbele ulibaki na nyumba peke yake, ikiwa na kete nane, na sikuwa na pa kula. Je, nililazimika kuivunja?
Jibu: Marahaba, na nimefurahi kwamba mlisimama mkajiuliza. Hukulazimika. Unatia kete yako nyumbani zinakuwa tisa, kisha unachota mbili tu na kuzisambaza kulia au kushoto, na saba zinabaki zikiwa nyumba halali, maana nyumba ni nyumba maadamu ina kete sita au zaidi. Lakini angalia jambo moja: kila zamu ya namna hiyo inaipunguza kete moja. Jitahidi kuwa na shimo lingine dogo la mbele lenye kete, ambalo utatakatia bila kuigusa nyumba.

Swali: Dhumna inapigwa mezani mpaka jirani wa chini analalamika. Tufanyeje?
Jibu: Tandikeni blanketi lililokunjwa, na juu yake kanga. Kete zinateleza vizuri, na kishindo kinapungua.

Swali: Niko Uingereza, sina ubao wala komwe. Nitumie gololi?
Jibu: Gololi zinaviringika na kuhama shimo, ziache. Maharage makubwa yanafaa, mradi yalingane, ili shimo likitazamwa lisidanganye. Ubao tengeneza kwa trei mbili za mayai 30. Trei moja ina safu tano za mashimo sita; ziunganishe ubavu kwa ubavu, ukate safu moja kwa urefu na mashimo manne pembeni, ubaki na safu nne za mashimo manane. Shimo la tano la kila mstari wa mbele lizungushie wino, ili nyumba ijulikane.