Kelele za klachi na giaboksi kwenye Hiace ya manyuali: sikiliza kwanza, shusha baadaye

Giaboksi ikishalala chini kwenye turubai imenyamaza, huwezi tena kuiuliza kitu. Maswali yote iulizwe ingali juu ya gari na injini inanguruma. Somo hili limejengwa juu ya Toyota Hiace ya dizeli, gia tano, difu ya nyuma. Mwenye Hilux atafuata njia hiyohiyo.

Kabla ya hatua yoyote, elewa nini kinazunguka wakati gani. Gia ikiwa nyutro na pedeli ya klachi iko juu, shafti ya inputi (inayopokea mzunguko wa injini) inazunguka pamoja na injini, nayo inaizungusha shafti ya chini (iliyo sambamba nayo ndani ya giaboksi). Ukikanyaga pedeli mpaka mwisho, inputi inapunguza mwendo na kusimama. Hapo rilisi beringi (inayosukumwa na pedeli) inabeba mzigo wote wa vidole vya presha pleti (inayoibana sahani ya klachi, yaani klachi pleti), na pailoti beringi, ile ndogo iliyo katikati ya mkia wa krenki (shafti kuu ya injini), ndipo inapoanza kazi. Ukilishika hilo, nusu ya kelele unazitambua ukiwa umekaa kwenye kiti.

Hatua ya 1: Oili. Gari likae sawa, tairi ziwekewe vigogo. Fungua kwanza nati ya kujazia, iliyo ubavuni mwa giaboksi. Usianze na ya chini: ukimwaga oili halafu ya juu ikagoma kufunguka, umebaki na giaboksi kavu isiyo na pa kujazia. Ingiza kidole, oili inatakiwa iguse ukingo wa chini wa tundu au ipungue isiyozidi milimita 5. Beringi nyingi zinazolia zilianza kwa sili kuvuja kidogokidogo bila mtu kuangalia.

Hatua ya 2: Nyutro, pedeli juu. Washa injini, zima feni na redio, vuta hendibreki. Unasikia mngurumo mzito kama jiwe la kusagia? Kanyaga pedeli. Ukipotea na kurudi unapoachia, shaka iko kwenye beringi ya inputi au za shafti ya chini. Kama ni mchakacho mwepesi tu, unaoisha ukiongeza mafuta kidogo, tazama springi za klachi pleti. Dizeli ya zamani huwa na mchakacho wake mdogo. Usiifungue kwa ajili ya huo.

Hatua ya 3: Kanyaga polepole. Hapa ndipo watu wengi wanakosea, kwa sababu wanakanyaga kwa kishindo na kusema "rilisi imekufa". Shusha pedeli kidogokidogo. Milimita 5 hadi 15 za mwanzo ni uchezaji wa kawaida. Mluzi au mkwaruzo ukianza pale tu pedeli inapokuwa nzito, na kuzidi kadiri unavyokandamiza, hiyo ni rilisi beringi. Kelele isipotokea mpaka pedeli iko karibu na sakafu, mshuku pailoti. Ili uhakikishe, shika breki, pedeli ikae chini, ingiza gia ya kwanza, kisha irudishe nyutro bila kuachia pedeli. Ukiwa kwenye gia, inputi imesimama kabisa na pailoti inazungukiwa kwa mwendo wote wa injini. Sauti ikibadilika kwa kuhamisha gia, ni pailoti. Rilisi haijali mkono wa gia uko wapi.

Hatua ya 4: Rivasi. Pedeli chini, hesabu mpaka tano, ingiza rivasi. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, inputi bado inazunguka, maana yake klachi haikati. Pampu pedeli mara tatu ujaribu tena. Ikiingia laini, kuna upepo kwenye laini au mpira wa silinda ya klachi, ya juu au ya chini, umechoka: kagua uvujaji, toa upepo, jaza fluidi ya DOT 3. Pampu isiposaidia, tatizo liko ndani: pleti imepinda, meno yake yameshika kutu kwenye shafti, au pailoti imekwama.

Hatua ya 5: Barabarani. Pita gia moja baada ya nyingine. Kelele kwenye gia moja tu ni meno au beringi za gia hiyo. Ikisikika 1, 2, 3 na 5 lakini ikapungua sana kwenye 4, lawama ni ya shafti ya chini, kwa kuwa gia ya nne inaunganisha mbele na nyuma moja kwa moja na kuipumzisha shafti hiyo mzigo. Kisha, kwenye barabara tupu na tambarare, weka nyutro ukiwa na kilomita 50 kwa saa, injini ikiwa inawaka. Mvumo ukiendelea na kupungua pamoja na gari, angalia senta beringi, krosi za propela (shafti ndefu iendayo nyuma), difu na beringi za magurudumu kabla ya kuigusa klachi.

Hatua ya 6: Mwaga oili uitazame. Uji laini wa kijivu kwenye sumaku ya nati ni wa kawaida. Vumbi la rangi ya dhahabu ni ringi za sinkronaiza (zinazosawazisha mwendo wa gia kabla ya kuingia) zinazolika. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa kucha ni meno au beringi. Gari lisiendelee na safari.

Ukilazimika kushusha, pima kina cha vichwa vya ripiti kutoka uso wa klachi pleti: chini ya milimita 0.3 haifai. Badilisha pleti, presha na rilisi kwa pamoja, na pailoti pia, maana ni ndogo na kuifuata tena ni kazi ya kushusha upya. Rilisi usiioshe kwa petroli. Grisi iliyofungiwa ndani inatoka na haina njia ya kurudi. Vumbi la klachi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisipulizwe: pleti za zamani zinaweza kuwa na asibesto, nyuzi zinazodhuru mapafu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Fundi, habari za kazi. Klachi imefungwa mpya jana, gia hazikubali kabisa injini ikiwaka. Ikizimwa zinaingia zote.
Jibu: Nzuri, ndugu. Anza na upepo, ni rahisi. Kama umetoka wote, pleti imewekwa kinyume (upande wa springi unatakiwa utazame giaboksi), au giaboksi iliachwa ining'inie kwenye pleti wakati wa kupandisha, ikaipinda. Vyote viwili ni kushusha tena.

Swali: Gia ya pili inakwaruza asubuhi tu, mchana haina shida.
Jibu: Ringi ya sinkronaiza ya gia hiyo imeanza kuchoka, na oili ya baridi inaionea. Hakikisha oili ni ya uzito wa 75W-90 na daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwa dakika tano za kwanza badilisha gia taratibu, tulia kidogo nyutro kabla ya kuingiza ya pili.

Swali: Nimeshauriwa niweke oili nzito ya 140 ili kelele iishe. Ni kweli?
Jibu: Inapunguza sauti, haitibu beringi. Sinkronaiza nayo inashindwa kuikata oili hiyo, gia zinakuwa ngumu. Ni dawa ya anayetaka kuuza gari wiki hii. Wewe unayenunua, mwage oili kabla ya kutoa hela.

Swali: Yangu haina kelele, ila mlimani injini inapanda na gari halipandi. Harufu kama ya kitu kinaungua.
Jibu: Klachi inateleza. Vuta hendibreki, kanyaga breki, weka gia ya nne, achia pedeli polepole. Injini isipozimika, imethibitika. Jaribu mara moja tu, unazidi kuiunguza. Kagua kama sili ya nyuma ya krenki inavuja. Ukifunga pleti mpya juu ya oili, itateleza vilevile.

Swali: Hayo ya pailoti yanahusu Vitz ya manyuali?
Jibu: Hapana. Magari mengi ya kuvutwa na magurudumu ya mbele hayana pailoti. Na ukisikia "ka-ka-ka" wakati wa kukata kona, hiyo ni jointi ya ekseli ya mbele, wala si giaboksi.