Taka za soko zisifike dampo: mwongozo kwa halmashauri za Dar es Salaam

Kodi ya kaboni na ruzuku ya umeme wa jua ni mambo ya Hazina. Ubungo, Temeke au halmashauri nyingine ya Dar es Salaam ikitaka kupunguza gesi joto kwa mamlaka iliyonayo tayari, ianzie sokoni. Taka mbichi zikirundikwa dampo, hewa haifiki chini, na kinachooza bila hewa hutoa methani. Kwa kipindi cha miaka 100, gesi hiyo huongeza joto la dunia takriban mara 28 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule.

Pima kwanza. Weka mizani getini siku 7 mfululizo, kisha rudia wakati wa masika, kwani taka zilizolowa huongeza uzito. Pale soko la Mabibo penye ndizi nyingi, vikonyo vya mikungu vipimwe peke yake. Visipokatwakatwa huchelewa sana kuoza. Kwa vigezo vya mwaka 2006 vya IPCC, jopo la kimataifa la wataalamu wa mabadiliko ya tabianchi, tani moja ya mabaki ya chakula kwenye dampo lisilosimamiwa, lenye kina cha mita 5 au zaidi, hutoa takriban kilo 40 za methani kadiri miaka inavyokwenda. Dampo la kina kifupi hutoa nusu ya hapo. Tani hiyohiyo ikifanywa mboji hutoa kama kilo 4. Msiandike 40 kila mahali ili ripoti ipendeze.

Penye kazi ni mkataba. Mkandarasi anayelipwa kwa tripu ya dampo atatenganisha ili apate nini? Mlipeni kwa tani ya taka mbichi iliyopimwa kituo cha mboji, na mzigo wenye plastiki urudishwe kwa gharama yake. Sheria ndogo ya kuwabana wachuuzi watenganishe, chini ya Sura ya 288 (sheria ya serikali za mitaa, mamlaka za miji), lazima ipate idhini ya waziri na itangazwe kwenye Gazeti la Serikali, kwa hiyo mchakato wake uanze mapema. Mkataba hauna haja ya kuisubiri. Kugawa ndoo za rangi tatu, fulana na kofia ni uzinduzi tu, si sera.

Kituo kiwe na paa na sakafu ya zege yenye mteremko, la sivyo masika yataloweka kila kitu. Changanya taka na maranda au majani makavu, rundo lisizidi kimo cha mita 1.5. Kamata konzi ukamue: yatoke matone machache tu. Joto likipita nyuzi 65, geuza. Rundo likinuka mayai viza, hewa imekosekana na methani inatoka hapohapo kituoni: geuza, ongeza maranda. Harufu kali ya amonia maana yake vikavu vimepungua.

Kabla ya kujenga, pateni mnunuzi wa mboji kwa maandishi, hata kama ni idara yenu ya bustani. Mboji isiyo na mnunuzi hujaza kituo, na malori yataelekea dampo tena.