Kabla ya kununua bango la bati lenye John Deere ya zamani

Anza na upande. Kwenye matrekta ya John Deere Model A na Model B, flaiwili (gurudumu zito la injini) iko kushoto kwa aliyekaa kitini na puli ya mkanda (gurudumu la kuzungusha mkanda wa mashine nyingine) iko kulia. Kwa hiyo pua ya trekta ikielekea kushoto kwako kwenye picha, unatakiwa kuona flaiwili. Ikielekea kulia, puli. Kinyume chake maana yake picha imegeuzwa kama kwenye kioo. Wachoraji hufanya hivyo ili trekta itazame katikati ya bango, kisha huandika upya maneno ya kwenye boneti yasomeke. Maandishi sahihi basi si ushahidi. Vyuma ndivyo ushahidi.

Halafu linganisha mwaka na umbo. Model A ilitoka 1934 ikiwa na rejeta wazi na usukani wenye fimbo inayopita juu ya boneti. Sura laini yenye grili, kazi ya ofisi ya mbunifu Henry Dreyfuss, ilikuja 1938. Bango lililoandikwa "1934" juu ya trekta yenye grili limekosea, hata kama kutu yake ya kuchora inavutia.

Kosa jingine la kawaida ni trekta ya Ford 8N yenye rangi moja. 8N, ya 1947 hadi 1952, ina injini na gia nyekundu, boneti na madigadi ya kijivu hafifu. Ya kijivu kitupu ni Ford 9N au 2N.

Mwombe muuzaji picha iliyopigwa moja kwa moja mbele ya bango, si ya pembeni.