Jinsi ya kusoma masika hii na home wanapanga safari

Oya wanafunzi wenzangu, masika ya Dar ni machi mpaka mei na mvua ikipiga usiku asubuhi Jangwani pamejaa maji, foleni haisogei, so jioni cheki utabiri wa TMA (wale wa hali ya hewa), wakisema mvua kubwa funga madaftari kwenye nailoni ndani ya begi na utoke mapema.

Simu ndo adui. Kuizima haisaidii maana utaiwasha tu, mpe dada akae nayo (ila sio dada anayependa TikTok kuliko wewe), piga nusu saa ya kitabu, pumzika kidogo, rudi. Mvua ikigonga bati mpaka hujisikii basi achana na kukariri kwa sauti, fanya hesabu.

Safari sasa. Mkienda Dodoma kwa bibi, treni ya SGR ipo tangu 2024 na imetulia, notsi zinasomeka. Basi la kutoka Mbezi lina muvi, mtoto analia, we lala tu. Beba somo moja, begi zima la vitabu litarudi halijafunguliwa na mama atakusema hadi Chalinze.