Njuga za bati la pipa

Huku Newala nawaona vijana wakicheza sindimba na vizibo vya soda miguuni. Siwalaumu, njuga, zile kengele ndogo za miguuni zenye gololi ndani, zimeadimika. Ila kizibo kinachakacha tu, njuga inalia. Mjomba ndiye aliyenifundisha kuzifua.

Tafuta pipa la lita 200. Bati lake, unene wa kama milimita 1, ndilo hasa. La debe ni jepesi mno. Pipa lililowahi kubeba petroli achana nalo, mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka kwa cheche moja ya tindo. Mabati ya paa nayo usiyatie motoni. Yamepakwa zinki, na moshi wake ni sumu. Mimi nilijitia ujuaji nikayafua. Usiku nikatetemeka kama mwenye malaria. Mjomba hata pole hakunipa, aliniuliza tu zimeliaje. Zililia vibaya.

Kata kipande chenye umbo la jani la mkorosho, urefu sentimita 10, upana 6. Katikati toboa matundu mawili kwa msumari, ya kupitishia kitanzi cha waya. Kipashe kwenye mkaa hadi kiwe chekundu, kilaze juu ya kishimo ulichochonga kwenye gogo, ukigonge kipate tumbo. Kikipoa kirudishe motoni, usikilazimishe, kitapasuka. Halafu kunja mpaka midomo ielekeane kama ya ganda la kauri wa baharini, uache upenyo wa kupitisha gololi.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Acha ipoe kabisa, ndipo utie gololi ya milimita 6 ya gurudumu la nyuma la baiskeli. Ukirudisha motoni sasa, gololi inalainika na mlio unafifia. Banisha midomo ikiwa baridi, kwa nyundo ndogo, mwanya ubaki milimita 3 hivi. Gonga, tikisa sikioni, gonga tena. Bati likigongwa baridi hukakamaa, na utasikia sauti ikibadilika. Mimi huishia pale inapoanza kuniwasha sikio.

Funga nane nane kwenye ukanda wa ngozi ya mbuzi. Zangu humvalisha mpwa wangu, nikampa mgongo nisikilize tu, acheze. Juzi nikamwambia, "Simama, mguu wa kushoto." Tukazikagua: ya tatu kutoka juu, gololi imenasa mdomoni.