Namna Mteja na Mkandarasi Wanavyoweza Kushirikiana: Mwongozo kwa Miradi ya Ujenzi Mkoani Tabora

Ushirikiano kati ya mteja na mkandarasi haujengwi kwa hotuba za siku ya uzinduzi. Unajengwa pale kila upande unapokubali kumweleza mwenzake mapema jambo linaloweza kuchelewesha kazi au kupandisha gharama. Sir Michael Latham, katika ripoti yake ya mwaka 1994 kuhusu sekta ya ujenzi ya Uingereza, alihimiza pande hizo ziache mazoea ya kuviziana kwa madai. Mikataba ya NEC, ambayo ni violezo vya mikataba ya ujenzi vya Uingereza vilivyoanza kutolewa mwaka 1993, inaweka wajibu wa kutoa tahadhari ya mapema, na FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, nayo iliingiza kifungu cha namna hiyo katika matoleo ya mikataba yake ya mwaka 2017.

Kabla ya kusaini, nendeni saiti pamoja na mhandisi mshauri, mkachimbe shimo la majaribio. Katika maeneo ya mbuga ya Igunga udongo mweusi hupasuka wakati wa kiangazi na huvimba ukilowa, kwa hiyo bei ya msingi wa jengo iliyokadiriwa kwa kutazama michoro peke yake ni ugomvi uliowekwa akiba. Mkiwa bado mmesimama kwenye ukingo wa shimo, kubalianeni ni nani atakayebeba gharama ikiwa itabidi kuchimba zaidi, kisha makubaliano hayo yaingie kwenye mkataba.

Kazi ikianza, fungueni daftari moja la tahadhari, linalosomwa na pande zote katika kikao cha saiti cha kila wiki. Maelezo yawe mafupi, kwa mfano: «Moramu ya shimo la karibu imeanza kuchanganyika na udongo, ikiendelea hivi tutalazimika kusomba kutoka mbali. Mshauri apime sampuli kabla ya Ijumaa. Mteja afuatilie kibali cha shimo la pili.» Mkataba utamke wazi kwamba kuandika humo si kukiri kosa. Niliwahi kuhudhuria kikao ambacho msimamizi wa upande wa mteja alimkaripia mkandarasi kwa kuandika kwamba nondo zimechelewa. Tangu siku hiyo kila ukurasa ulisomeka «hakuna tatizo», na mvua za Novemba zikalikuta jengo halijaezekwa.

Mteja naye ana zamu yake ya kuandika. Akijua kwamba fedha za hati ya malipo zitachelewa, aseme kabla mkandarasi hajachukua saruji kwa mkopo. Kwa maoni yangu, mteja anayeficha jambo hilo hana uso wa kudai uwazi kwa mwingine.

Tofauti zikijitokeza, wapeni wasimamizi wa saiti siku mbili za kuzimaliza, kisha wakuu wao wiki moja, ndipo mfuate utaratibu wa usuluhishi uliomo katika mkataba. Katika miradi ya umma, kuelewana hakuondoi ushindani wa zabuni wala idhini ya maandishi: badiliko la kazi lililokubaliwa kwa mdomo bado halijakubaliwa.

Kwa jengo linalopaswa kuezekwa kabla ya mvua, hesabuni kurudi nyuma kuanzia Novemba, na siku ya mwisho ya kuagiza mabati iwe mstari wa kwanza wa daftari hilo.